Njia ya Kushoto

Nyahanga, Kahama
9 Juni

Kaka Edson,

Shikamoo. Najua utacheka kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu anayeshinda na kompyuta, lakini ulisema mwenyewe Pasaka: simu yoyote hapo kambini inapita mikononi mwa wote, ujumbe wako unasomwa na kambi nzima kabla haujakufikia. Basi tumerudi zama za babu. Bernadina wa mitumba anakwenda Katoro kila wiki siku ya mnada, nimemchomekea barua katikati ya belo la masweta. Ukijibu, mpe yeye huyohuyo.

Habari yenyewe ni hii: mchezo wangu wa simu umekwisha! Haki ya Mungu umekwisha, kaka. Nimeuita "Duara", na ni duara lenu hasa, shimo lenu la dhahabu. Ule mchoro ulionichorea nyuma ya karatasi ya kalenda ndio huohuo: mdomo wa shimo, ngazi, njia ya kulia mnakochimba, na ile ya kushoto uliyoiacha tupu. Hakuna cha kupakua. Mtu anabonyeza linki niliyokuandikia chini, kivinjari kinafungua, anashuka na sululu yake, anachimba, anasimamisha mbao za matimba ili ardhi isimwangukie. Na kwa kuwa nalijua bando lenu la kuungaunga, nimeutengeneza ujihifadhi wenyewe ndani ya simu. Ukishaufungua mara moja penye mtandao pale Katoro, unaucheza hata chini ya ardhi. Hilo ndilo lililonitoa jasho kuliko yote, na ndilo ninalojivunia.

Ile njia ya kushoto ilinisumbua. Mahali patupu kwenye mchezo panachosha, mtu akifika anafunga simu na kwenda zake. Basi nimeweka dhahabu kubwa kule mwisho, kipande cha kumfanya mtu aruke kitandani.

Sasa sauti. Ile uliyorekodi mwaka jana mlipobomoa duara lenu la zamani, mbao zinavyolia kabla hazijakatika, nimeiweka kama ilivyo. Ukiisikia, una muda mdogo wa kukimbilia ngazi. Ukizubaa umekwisha. Noela, mwenye duka la steshenari ninapopanga, alitupa simu mezani mara ya kwanza akakimbilia mlangoni! Na mimi niliyeiweka, bado inanishtua, maana ikilia nakuona wewe uko chini huko. Kwa hiyo nijibu hasa kuhusu sauti. Iko sawa? Ndivyo zinavyolia?

Mama mzima kule Didia. Pamba imefumuka, anauliza kama una mikono bado.

Mdogo wako,
Paskalina


Kambini, Katoro
16 Juni

Mdogo wangu Paskalina,

Marahaba. Barua imefika inanuka masweta, lakini imefika. Wabeja, asante sana.

Mchezo wako umeiteka kambi. Watu hawali kwa wakati. Onesmo, yule mwenye masharubu ninayelala naye chumba kimoja, amekufa kwenye huo mchezo wako mpaka ameuchukia, na bado anaufungua. Mimi nilijisifu, nisamehe. Nilisema huu kautengeneza mdogo wangu wa tumbo moja, anafanya kazi na kompyuta Kahama. Siku hiyo nilikuwa na raha gete, raha kweli.

Raha imekwisha. Paskalina, kwa nini uliweka dhahabu kushoto?

Ile njia sikuisahau nilipochora. Niliiacha tupu kwa sababu haiingiliwi. Mwisho wake kuna ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta kuna duara la watu wa zamani lililojaa maji ya mvua za miaka na miaka. Waliotutangulia waliuziba mdomo wa njia hiyo kwa mawe. Mgeni akija hapa, kitu cha kwanza anachoambiwa ni hicho: kazi iko kulia, kushoto usiguse. Nilipaswa kukuambia. Sikuwaza kama mtu anaweza kuona mahali patupu akataka kupajaza.

Msimamizi wetu ni Marselino, Baba Lusia, mtu mzima na si mtu mbaya. Lakini duara limekauka muda sasa, halitoi dhahabu, na Marselino alikwenda kwa mganga kama wanavyofanya wasimamizi wote. Mganga akamwambia dhahabu yake ataonyeshwa na mwanamke ambaye hajawahi kushika sululu. Alirudi akawa anawaamkia mamantilie wa kambini kwa heshima ambayo hatujawahi kuiona, tukamcheka mpaka tukachoka. Sasa amefika mwisho wa njia ya kushoto kwenye simu yake, kipande chako kikang'aa. Kisha akaniuliza polepole, "Huyo mdogo wako, amewahi kushuka duarani?" Nikamjibu, "Huyo, Baba Lusia, hajawahi hata kushika sululu." Nilijibu huku nacheka. Yeye hakucheka.

Wengine hawamwamini mganga, wanaiamini kompyuta, na hao ndio wanaonitisha zaidi. Wanasema wale watu waliopita na vipimo vyao mwaka juzi waliingiza habari za ardhi yetu kwenye kompyuta, na wewe umeziona humo.

Iondoe hiyo dhahabu. Naogopa, Paskalina, na unajua mimi si mwoga.

Sauti sijaifungulia, natunza chaji. Michoro ni mizuri.

Kaka yako,
Edson


Nyahanga
19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa.

Nimeiondoa. Saa hiyohiyo, kabla hata sijala. Njia ya kushoto sasa ni mawe kuanzia chini mpaka juu, mtu hapiti wala hachungulii. Waambie basi! Waambie ni rangi tu, vipande vya njano nilivyochora huku natafuna mihogo. Sijaona vipimo vya mtu yeyote. Ningekuwa najua dhahabu ilipo, ningekuwa bado nimejibanza kwenye kijichumba nyuma ya duka la Noela, feni likiwa bovu? Waulize hivyo.

Kuna tatizo moja, nalo nimejiletea mwenyewe. Ule ujanja wa mchezo kujihifadhi kwenye simu sasa umenifunga mikono. Simu iliyoufungua mwanzoni itaendelea kuonyesha ule wa kwanza mpaka siku itakapoufungua tena penye mtandao. Mimi hapa nabadilisha, ninyi huko mnaona vilevile. Kaka, tafuta namna. Beba simu zao uzipeleke Katoro, fungua mchezo kwenye kila moja, subiri kidogo, utabadilika wenyewe. Hawatajua.

Na usinikwepe kuhusu sauti. Sauti haili chaji kiasi hicho, hata mtoto anajua. Kama imekukera niambie, nimeizoea jeuri yako. Ila nilikuuliza kitu kimoja tu kwenye barua nzima, na hicho ndicho ulichokiruka. Imeniuma kidogo.

Usiikaribie njia ile. Tafadhali.

Paskalina


Kambini
27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilifanya ulivyosema. Nilijitolea kubeba simu za kambi kwenda kuzichaji kibandani Katoro, wakaniona mtu mwema. Nikakaa pembeni ya kibanda nikifungua mchezo kwenye simu moja baada ya nyingine, na kweli ulibadilika mbele ya macho yangu, mawe yakajaa. Nikarudi nimepata nafuu moyoni.

Isipokuwa simu ya Marselino. Yeye ana sola yake juu ya bati, simu yake haitoki kambini.

Wakati wa chakula Abel, mmoja wa vijana wachimbaji, akafungua mchezo, akaona mawe. Akaguta. Marselino akafungua wa kwake, dhahabu bado ipo. Wakageuza ndoo, wakaziweka simu mbili juu yake, ya Abel na ya Marselino, kambi nzima ikainama kuangalia. Huku dhahabu, huku mawe. Marselino akasema, "Nani anahangaika kufukia mahali pasipo na kitu?" Nitakuambia kweli, hata mimi nilizitazama zile simu nikajiuliza, na mimi ndiye niliyekuomba ufukie.

Tumeharibu, Paskalina. Mwanzo ilikuwa ndoto ya mtu mmoja na mganga wake. Sasa kambi nzima ina hakika.

Wameanza kutoa mawe kwenye mdomo wa njia. Nilimwomba Onesmo ampigie mwenye leseni ya machimbo, yuko Mwanza. Huyo mwenye leseni alijibu kwamba Marselino ndiye msimamizi, tumsikilize, tuache majungu.

Utaniambia nitoroke. Mimi ndiye fundi wa matimba hapa. Nikiondoka hawataahirisha, wataingia hivyohivyo na mbao zilizoegeshwaegeshwa, kisha habari zao nitazipata nikiwa Didia nachuma pamba. Siwezi kuishi na hilo. Nikiwepo angalau nitasimamisha mbao za maana.

Wewe usije huku hata kwa bahati mbaya. Wapo wanaosema ukifika wakuketishe, uwaonyeshe kwa kidole.

Kuhusu sauti usinikasirikie. Tutaongea nikija.

Edson


Nyahanga
3 Julai

Kaka Edson,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Baba Lusia. Mpe mkononi. Nimemweleza kila kitu tangu mwanzo, kurasa nzima, nimemwapia kwa marehemu baba. Na mchezo nimeubadilisha tena: sasa dhahabu inahamahama. Leo iko kulia, ukifunga na kufungua iko chini ya ngazi, mara iko nje kabisa karibu na jiko la mamantilie. Akiona inarukaruka hivyo atajua ni mchezo wa watoto. Mshawishi apeleke simu yake mjini. Mwambie betri imevimba, mwambie lolote.

Sasa jambo lililonitoa usingizi. Jana nilikuwa Didia, nikamsaidia mama kuchambua pamba. Tukakutaja. Mama akasema, "Kaka yako ana kiburi siku hizi. Pasaka alikuwa zizini, nikamwita, nikamwita tena, hakugeuza hata shingo. Fedha za Katoro hizo." Nikaanza kucheka. Halafu nikashindwa kuendelea.

Kwa sababu nilikumbuka Pasaka ileile ulikuwa unanitazama mdomo kila nilipoongea. Nikasema moyoni, kaka ameanza kunisikiliza kama mtu mzima, nikafurahi, mjinga mimi. Nikakumbuka hunipigii simu tangu masika. Nikakumbuka ni Onesmo aliyempigia mwenye leseni. Na sauti yangu, ile niliyokuuliza na kukuuliza.

Kaka, unasikia?

Sitaki unilinde. Kama husikii, usishuke. Kulia usishuke, na kushoto hata usiwaze. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba chini kule macho hayana kazi kubwa, mtu anaishi kwa masikio. Nijibu hili, mengine yote yaache.

Paskalina


Kambini
10 Julai

Paskalina,

Marahaba mdogo wangu. Sisikii.

Sikio la kulia liliondoka na baruti mwanzoni mwa masika. Mwenzetu aliwasha kabla sijajikinga. La kushoto nasikia kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta wa tofali. Nikimtazama mtu mdomo naelewa, akinipa mgongo hayupo. Nilikuambia simu ya kambini ni ya wote, na ni kweli ni ya wote, lakini si hilo lililonifanya nitake karatasi. Niliogopa kwamba ukianza kuandika kwenye simu, siku moja utapiga. Nitapokea, nitasema nini?

Hapa anayejua ni Onesmo peke yake. Fundi wa matimba asiyesikia hapewi hata siku moja, anafukuzwa, na wana haki. Ndiyo maana nimenyamaza. Kisha yakaja haya ya njia ya kushoto, na nikiondolewa mimi nani atasimamisha mbao?

Barua yako nilimpa Baba Lusia. Aliisoma yote, kwa sauti, mbele ya watu, na kwa heshima. Akaikunja vizuri. Akasema, "Binti ana mwandiko mzuri. Lakini mtu asiyeficha kitu haandiki kurasa nyingi hivi." Simu yake hakunipa. Nilimwambia betri imevimba, akaigeuza, akaitazama, akasema mbona ni nzima.

Ukuta unatoa jasho sasa. Nikiweka kiganja nahisi ubaridi. Kesho kutwa wanataka kuupiga, na mimi nitatangulia na mbao. Tumekubaliana na Onesmo: yeye atakaa nyuma yangu, asibanduke. Mbao zikilia, ananigusa bega, tunatoka. Tumefanya majaribio juu ya kifusi, mimi natembea, yeye ananigusa, nageuka na kukimbia. Watu waliotuona walidhani tumelewa.

Usiogope sana. Mimi naogopa ya kututosha wote wawili.

Mama mwambie halikuwa kiburi. Mwambie taratibu, asije akalia peke yake.

Kaka yako,
Edson


Nyahanga
11 Julai

Kaka,

Naandika haraka, safari hii Bernadina amerudi mapema na anaondoka tena sasa hivi, amekwisha kupanda kwenye gari na ananipigia kelele.

Usiingie. Mwambie Baba Lusia ukweli, mwambie husikii, akufukuze! Naomba akufukuze leo. Kama hao wengine wataingia bila wewe, nitaubeba mimi mzigo huo, mimi ndiye niliyeweka dhahabu. Wewe usiubebe. Tafadhali kaka, nakuomba kwa magoti.

Mama nimempigia. Nimemweleza taratibu kama ulivyosema. Kisha akasema, "Kumbe mwanangu hakuniacha." Anasema uje, atakuita tena, na safari hii atazunguka mbele yako ndipo aite.

Na kuna kitu nimekuwekea kwenye mchezo. Mbao zikilia, simu inatetemeka. Ishike tu kiganjani, utaijua sauti yako uliyorekodi. Uniambie kama iko sawa.

P.


Kambini, Katoro
2 Agosti

Binti yangu Paskalina,

Pole. Nimekaa na karatasi hii siku nyingi, na neno lililotoka ni hilo.

Pale Didia nilikuwepo. Nilikaa nyuma karibu na zizi, nikashika jembe zamu yangu ilipofika, kisha nikaondoka bila kumpa mkono mama yako. Sikuwa na uso. Nina umri wa kuzungumza msibani, na siku hiyo sikuweza. Wacha niseme hapa, kisha mnihukumu.

Asubuhi ile tuliingia. Edson mbele, Onesmo nyuma yake, mimi, Abel na wengine. Edson alikuwa ameomba mbao nyingine nene zaidi, zikawa juu. Nikamtuma Onesmo akazishushe kwa kamba. Onesmo akasita. Akasema, "Baba Lusia, mimi sitoki hapa, kuna jambo nataka nikuambie." Nikamjibu, panda kwanza, tutaongea ukirudi. Niliona anakwepa kazi. Akapanda huku anageukageuka nyuma. Mahali pake nikasimama mimi.

Mbao zikalia. Binti, zililia vilevile kama kwenye simu, sijui nikuelezeje. Kabla akili yangu haijafika, Abel alikwisha kutupa sululu, na wenzake wote wako kwenye ngazi. Mchezo wako umewaua vijana hawa mara nyingi mno, hawakungoja kuambiwa. Miguu yao ilijua.

Mimi nilimwita Edson. Nikamwita tena, kwa nguvu. Alikuwa amenipa mgongo, kiganja chake kiko kwenye mbao, kama mtu anayefikiri. Hakugeuka. Nikadhani anakaidi. Alikuwa amenipinga kuhusu njia ile tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimemjibu vibaya mbele ya watu, nikadhani amekasirika, anataka kunionyesha kwamba haogopi. Nikasema moyoni, mtu mzima huyo, amesikia, atakuja. Nikakimbia. Alikuwa karibu yangu, ningenyoosha mkono ningemfikia.

Ukuta ukaja wote na maji yake. Nilipofika juu, Onesmo alinishika shati akaniuliza Edson yuko wapi. Ndipo akaniambia lile jambo alilotaka kuniambia.

Tulimtoa wenyewe, kwa ndoo na kwa mikono. Nyuma ya ule ukuta hakukuwa na kitu. Maji na tope tu.

Barua yako ya mwisho ilifika jioni ya siku ileile, yote yamekwisha kutokea. Sikuifungua. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, uamue mwenyewe.

Njia ya kushoto nimeiziba. Nimeiziba mimi mwenyewe, jiwe kwa jiwe, sikumruhusu mtu anisaidie. Vijana wanaomba usiufute mchezo, wanasema ndio uliowatoa wakiwa hai. Mimi sina haki ya kukuomba chochote, nafikisha maneno yao tu.

Marselino, Baba Lusia


Nyahanga
25 Agosti

Baba Lusia,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma, nikakuchukia, nikaiweka chini ya godoro, nikaisoma tena. Sitakudanganya kwamba chuki imekwisha. Lakini wewe hukujua. Mama yake mzazi alimwita zizini akadhani ni kiburi. Mimi nilimuuliza kuhusu sauti barua baada ya barua, nikanuna kwa kuwa hakunijibu. Na ile dhahabu sikuiweka kwa ubaya, ila niliiweka. Kwa hiyo sina pa kusimama nikakurushia jiwe.

Mama anasema ungempa mkono. Alikuona kule zizini. Anasema siku ukipita Didia, usipite bila kuingia kwake.

Sikuufuta mchezo. Niliufungua niufute, nikashindwa, sauti ile aliirekodi yeye. Basi nimeujenga upya. Dhahabu nimeitoa yote, ya kushoto na ya kulia, hakuna tena cha kuchimba humo. Kuna mtu mmoja tu anayetangulia na mbao begani, na wewe unamfuata. Mbao zikilia simu inatetemeka, na muda wa kutoka ni uleule mdogo. Yule mtu hageuki. Ukimwita hageuki. Unaweza kukimbilia ngazi peke yako, ukafika juu, ukaona jua, lakini mchezo unakurudisha chini uanze tena. Hauishi mpaka umfikie, umguse bega, mtoke wawili.

Nimeucheza mwenyewe, kwa muda uleule, bila kuongeza hata kidogo. Nilitaka kujua kama unatosha. Nilikuwa nikitamani usitoshe.

Unatosha, Baba Lusia.

Simu yako bado ina ule wa kwanza. Ipeleke Katoro, uufungue penye mtandao, usubiri kidogo. Kisha ucheze.

Mdogo wake Edson,
Paskalina